Mjukuu wa Kilo Tatu na Nusu

Duka langu la dawa lina milango miwili, na huo wa pili ndio ulionifanya nichekwe mtaa mzima wa Katuba, hapa Lubumbashi.

Mlango wa kwanza ni wa watu. Juu yake mchoraji wa mtaa aliandika farmasi kwa rangi ya kijani na kuchora msalaba. Mlango wa pili uko ubavuni, upande wa barabara ya vumbi inayokwenda sokoni, na hapo nilimwagiza achore mbwa na paka. Mbwa alimpatia. Paka alitoka na uso wa mtu aliyekosa usingizi, lakini nilimsamehe, kwa sababu maneno ya chini yaliandikwa bila kosa hata moja: Chanjo na dawa za wanyama wa nyumbani. Niliyasimamia mwenyewe mpaka rangi ikakauka.

Nayataja haya kwa majivuno, wala sioni haya, maana majivuno yangu nimeyalipia. Nilizaliwa mtaa huohuo, katika nyumba ya mfanyakazi wa reli aliyekufa kabla sijamaliza shule. Niliuza mikate asubuhi kabla ya kengele ya darasa. Nilipofika Ubelgiji sikuwa na shangazi wa kunipokea uwanjani wala mume wa kunilipia nyumba. Niliosha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, nikasoma jioni, nikaanguka mtihani wa kwanza wa kemia, nikaurudia, na diploma ninayo. Iko ukutani nyuma ya kaunta, ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo hata anayenunua plasta ya kidole lazima aione. Wengi waliondoka Lubumbashi wakarudi na viatu. Mimi nilirudi na karatasi ile, pamoja na friji ya chanjo inayotumia nguvu ya jua. Umeme ukikatika Katuba, na hukatika, bia ya jirani hupata joto. Chanjo zangu hubaki baridi.

Wazo la mlango wa pili nalo nililitoa kulekule. Siku moja, katika farmasi nilimofanya kazi, mwanamke aliyevaa koti la manyoya alisimama mbele ya foleni akaeleza habari za figo za mbwa wake kwa sauti ileile aliyotumia juma lililotangulia kueleza figo za mumewe. Hakuna aliyegeuka. Dawa ya mbwa na dawa ya mume zikaingia mfuko mmoja, akaenda zake. Nikaapa kwamba jambo hilo nitalipeleka nyumbani. Kwetu mbwa akimng'ata mtoto, watu hukimbilia kumwua mbwa kabla hawajaosha kidonda. Kichaa cha mbwa kinaua, na chanjo ipo. Nani angeileta Katuba kama si mimi?

Nikapatana na daktari wa mifugo, bwana mkimya mwenye pikipiki, ambaye siku nyingi huzunguka vijijini akitibu mbuzi na ng'ombe. Kila Jumamosi angekuja kuchanja katika chumba cha mlango wa pili.

Jumamosi za mwanzo walikuja walinzi wa nyumba kubwa za mjini, wametumwa na mabwana wao, mbwa wamefungwa minyororo mizuri kuliko mikanda yetu. Wa Katuba hakuja hata mmoja. Mama mdogo wangu, yaani mdogo wake mama yangu, ndiye hukaa kwenye kasha la pesa na kumjua kila apitaye. Alikuwa akinitazama nikifuta vumbi juu ya ile meza tupu ya wanyama.

"Mwana ya yaya," aliniambia, yaani mtoto wa dada yake mkubwa, "weye ulienda Bulaya miaka yote ile juu ya kusomea imbwa?"

"Na pushi pia, mama mudogo," nikajibu, nikionyesha upande wa yule paka aliyechorwa mlangoni.

"Pushi! Yesu Maria. Imbwa ya hapa hata chakula inajitafutia yenyewe. Leo inunuliwe dawa?"

Hakuwa mjinga. Mtu wa Katuba ana ndugu, na kati ya ndugu hakosi mgonjwa. Akionekana ametoka na dawa ya mbwa mkononi, kabla ya jioni mjomba atakuwa amesikia, na mjomba ana kikohozi. Ataitwa mtu anayependa mnyama kuliko damu yake. Kwa paka ni vibaya zaidi. Mchana paka anakamata panya na anasifiwa, lakini mtu akifa katika uwanja, watu huanza kukumbuka kwamba paka hakuulizwa hata siku moja anakokwenda giza likiingia.

Hayo niliyajua, maana nimezaliwa hapo. Nilichokuwa sijakijua ni njia ambayo watu wangeipata ya kupita katikati yake.

Lazima nieleze kwanza jinsi dawa zinavyonunuliwa kwetu. Mgonjwa haji. Mgonjwa amelala nyumbani, na anayekuja ni dada, jirani, mkwe. Anasema "ni mutoto wangu" au "ni mujukuu wangu", anaeleza maumivu ya mtu mwingine kama vile ni yake, na muuzaji anampa. Mimi siuzi hivyo. Dawa yoyote ya mtoto nauliza umri na kilo. Asiyejua kilo namrudisha akapime, hata kama anatoka mbali, hata kama ananiita majina. Wenye maduka mengine walisema nitafunga kabla ya mvua. Mvua zimekuja na kwenda, na mimi nipo.

Basi asubuhi moja ya Jumatano aliingia mzee mrefu, koti limepigwa pasi, kofia kichwani, kiatu kimeng'arishwa mpaka kinaonyesha mlango. Mzee wa reli wa zamani unamjua kwa kiatu. Nyumba yake ilikuwa barabara ya nyuma ya parokia, na mkewe tulikuwa tumemzika miezi michache nyuma. Yule mama alikuwa muuzaji wa samaki sokoni, samaki waliokaushwa wanaoletwa na malori kutoka Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani. Mimi mwenyewe nilinunua kwake tangu nilipokuwa msichana.

"Bonjour, mama docta."

"Bonjour, papa. Tukusaidie nini?"

"Minatafuta sirop ya homa, dawa ya mayi. Ya batoto."

"Mugonjwa ni nani?"

"Mujukuu wangu."

"Iko na miaka ngapi?"

Alitazama dari kidogo. "Munane."

"Na kilo?"

"Kilo?"

"Papa, siwezi kupatia mutoto dawa bila kujua kilo yake. Kule nilisomea..."

"Zoea, papa," mama mdogo akadakia kutoka kwenye kasha. "Hapa banapima bantu sawa mifuko ya bunga."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mzee hakucheka. Alifikiri, kama mtu anayetafuta kitu katika chumba anachokijua, kisha akasema, "Balance iko kwangu. Ninaenda kumupima." Akatoka na mwendo wa haraka. Nilifurahi, nikawaambia wale wengine: mnaona, huyo ndiye mteja.

Alirudi nikiwa bado na foleni ileile, au mkia wake. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya kofia.

"Nimemupima," akasema. "Kilo tatu na nusu."

Mwanamke aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni aligeuka, akamtazama mzee, akamgusa mwanawe miguu kana kwamba anampima naye.

"Papa," akasema, "ni mutoto ao ni kuku?"

Kicheko kililipuka, na mwingine akaongeza kwamba kwa bei ya unga ya siku hizi huenda hata wa miaka minane atakuwa hivyo. Mzee alisimama wima katikati ya kicheko, mikono imeshika ukingo wa kaunta.

Mimi sikucheka. Mtoto wa miaka minane mwenye kilo hizo ni mtoto anayezikwa kesho, na nilikuwa tayari kumwambia mzee twende tukamchukue, tumkimbize hospitali. Lakini nilimtazama, nikaona uso wa mtu anayesema kweli. Alikuwa amepima kwa makini, akahesabu hata ile nusu. Uongo, kama ulikuwapo, haukuwa kwenye kilo.

"Papa, homa uliijua namna gani?"

"Masikio iko moto. Moto kabisa."

Hakuna anayepima homa ya mtoto masikioni. Mtu hugusa paji la uso, hugusa shingo.

"Na sasa iko wapi?"

"Chini ya kitanda. Anakatala kutoka."

Nikafungua kile kijimlango cha kaunta, nikamwomba apite, nikampeleka kwenye chumba cha pembeni, chenye meza ile iliyokuwa haijakanyagwa na mnyama wa Katuba. Nikafunga mlango wa kati. Sasa niliona mikono yake karibu: mikwaruzo myembamba, mingine mipya, na juu ya mkono wa koti lile lililopigwa pasi, manyoya ya kijivu.

"Papa," nikasema kwa sauti ya chini, "mujukuu wako iko na mukia?"

Akavua kofia. Alitazama mlango wa kati, akatazama ule wa barabarani.

"Sema polepole, mama," akasema. "Mukia iko nayo."

Paka alikuwa wa mkewe. Miaka minane iliyopita alipanda mwenyewe kwenye lori la samaki huko Kilwa, akashuka Lubumbashi katikati ya magunia, akiwa mdogo wa kujaa kiganja kimoja, na yule mama akamweka ndani ya kikwembe chake, nguo aliyojifunga, ubavuni, akauza samaki siku nzima naye. Tangu hapo hakulala mahali pengine ila kifuani pake. Mama alikufa amelala. Asubuhi walipomkuta, paka alikuwa palepale juu ya kifua. Hilo watu wote wa nyumba waliliona, na hilo ndilo lililobaki midomoni mwao kuliko ugonjwa wa moyo ambao mama alikuwa nao kwa muda mrefu.

"Siku ya Mungu bandugu ya bibi yangu banakuja," mzee alisema, akimaanisha Jumapili na ndugu za marehemu mkewe. "Mufuko iko tayari. Binti yangu aliisha kuutundika nyuma ya mulango. Banataka kumutia mule, bamupeleke mbali, ao bamuue, sijue. Kama banasikia namununulia dawa, batasema na miye niko mu ile mambo ya bulozi. Njo maana nikasema mujukuu."

Alisema hayo kwa aibu, lakini bila kujishusha. Nikamwuliza alichokuwa amempa tangu homa ianze. Akatoa mfukoni kipande cha karatasi ya vidonge, akaniwekea mezani.

"Kipande tu, asubui hii. Ingine alitapika, njo nikaona afazali sirop."

Ilikuwa parasetamoli.

"Papa, ni hii?"

"Njo ile. Hata miye minakunywa juu ya magoti."

Kwa mtu, dawa hiyo ni rafiki wa kila nyumba. Mwili wa paka haujui kuivunja. Kile kinachomtuliza mzee magoti, kwa paka kinaharibu damu isiweze kubeba hewa, kisha kinakwenda kwenye ini. Kipande tu kinatosha kuua. Na hakuna mtu Katuba ambaye angejua, maana nani aliwahi kuuliza habari za dawa ya paka?

Nilimwambia wazi. Sijui kumficha mgonjwa ukweli wala mwenye mgonjwa. Mzee aliketi juu ya kiti cha wanaosubiri chanjo, kofia magotini.

"Basi ni miye nimemuua," akasema. "Beye bandugu balikuwa banangojea siku ya Mungu. Miye sikungojea."

"Hujamuua bado. Simama."

Hapa naomba msomaji anivumilie nijisifu, kwa sababu hapa ndipo miaka yangu yote ya kemia ilipolipa. Dawa ya sumu hiyo ilikuwa dukani kwangu, kwenye rafu ya watu, na kila siku naiuza kwa wenye kifua: ule unga wa vipakiti wa kulegeza makohozi. Wanaounywa kwa kikohozi hawajui kwamba hospitalini unga huohuo unamwokoa mtu aliyekunywa vidonge vingi vya homa. Kwa paka unafanya kazi ileile. Nililisoma hilo katika kitabu nilichokipitia mara mbili kwa sababu ya kuanguka mtihani. Nikachukua vipakiti, bomba la sindano lisilo na sindano, maji safi.

"Unaacha kazi juu ya pushi?" mama mdogo akaninong'oneza nilipopita. Alikuwa amesikiliza nyuma ya mlango, bila shaka.

"Unabaki weye."

Nilidhani atanitania mbele ya watu. Badala yake aligeukia foleni akasema kwa sauti kubwa, "Docta anaenda kuona mutoto ya papa. Iko mubaya kabisa. Na weye, mama ya kuku, funga kinywa, ugonjwa haiko kicheko." Yule mwanamke akainamisha kichwa, na mzee akapita kati yao kama babu wa mtoto mgonjwa kweli.

Njiani nilimpigia daktari wa mifugo. Alikuwa vijijini, upande wa Lukafu, upepo unavuma ndani ya simu, mbuzi wanalia. Nikamweleza. "Huo unga unao?" Ninao, nikasema. "Basi mpe sasa, mama, halafu urudie kila baada ya saa chache, mpaka kesho jioni. Na uangalie ufizi." Akakata simu. Nilijua hilo tayari, lakini ni vizuri kusikia mwenye pikipiki akikubaliana na mwenye diploma.

Nyumbani kwa mzee binti yake alikuwa uani, amejifunga kitambaa kichwani, anachambua maharagwe. Ni mwanamke wa rika langu. Alihamia kwa baba yake baada ya mazishi ili asibaki peke yake. Aliponiona na mfuko wangu alisimama haraka.

"Papa, unagonjwa?"

"Hapana."

Akatazama mfuko, akatazama mikono ya baba yake, akaelewa.

"Docta? Juu ya ule mududu?" Sauti yake ilipanda. "Yee njo alilala juu ya kifua ya mama, asubui mama akakufa. Leo tunamuletea docta na nguo yake nyeupe?"

Mzee hakupandisha sauti. "Alilala pale miaka munane," akasema. "Asubui yote ile mama yako alikuwa anaamuka."

Binti akaacha maharagwe, akatufuata. Tukaingia.

Nyuma ya mlango wa chumba, mfuko wa unga wa mahindi ulining'inia kwenye msumari, mtupu, umekunjuliwa. Juu ya meza ilikuwa ile balance, mizani ya mkewe ya kupimia samaki, sahani yake ina manyoya. Mzee alipiga magoti, yale magoti ya vidonge, akamvuta paka kutoka chini ya kitanda. Alikuwa jike wa kijivu mwenye sikio lililopasuka. Uso ulikuwa umeanza kuvimba. Nilimfunua mdomo: ufizi, ambao ungepaswa kuwa na rangi ya waridi, ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala. Alikuwa anahema kwa tumbo.

Nikakoroga unga. Ule unga una harufu ya yai bovu. Paka akaisikia, na hata katika hali ile akakunjua makucha yote. Tone la kwanza likaenda kwenye koti la mzee. La pili kwangu. Mzee, kwa hofu, alikuwa anamkaba badala ya kumshika.

"Muachie, papa, unamuumiza."

"Akikimbia atafia mule chini."

Tulikuwa hivyo, wazee wawili na paka mmoja (nami si mzee, lakini kwa paka yule nilizeeka), binti alipotoka mlangoni alikokuwa amesimama. Alikwenda kwenye sanduku lililokuwa chini ya dirisha, akafungua, akatoa kikwembe. Kilikuwa cha zamani, cha rangi ya kahawia yenye ndege, na kilipokunjuliwa chumba kizima kilinuka samaki wa Kilwa.

"Si vile," akasema, bila kunitazama. "Mama alikuwa anamufunga. Kichwa inje, miguu yote ndani, sawa mutoto."

Akamchukua kutoka kwa baba yake. Akamviringisha kwa mikono ya mtu aliyeona jambo likifanywa mara nyingi hata akadhani hajali. Paka akaingiza pua katika mkunjo wa nguo. Makucha yakalegea. Nikaweka bomba pembeni ya mdomo, nikasukuma kidogo, nikasubiri ameze, nikasukuma tena. Dawa yote ikaingia. Binti alikuwa ameketi sakafuni na kile kifurushi kifuani, na machozi yanamtoka, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi hakuweza kuyafuta. Mzee alichukua kofia yake, akaiangalia ndani, akaivaa, akaivua.

Niliwaonyesha jinsi ya kukoroga na kiasi cha kumpa. Niliporudi jioni kabla sijafunga duka, uvimbe ulikuwa umesimama. Kesho yake rangi ya ufizi ilikuwa imeanza kurudi. Dozi zote za katikati alizitoa binti, mzee alinieleza, kwa sababu paka sasa hakubali mtu mwingine amfunge. Alinieleza kama anayeshtaki, lakini alikuwa anatabasamu.

Jumamosi daktari wa mifugo aliwafuata nyumbani kabla hajaja dukani. Alipapasa mguu wa nyuma, akakuta jipu la meno ya paka mwingine, hilo ndilo lililoleta homa tangu mwanzo. Akalipasua, akatoa usaha, akaacha dawa ya jipu iliyo ya paka hasa. Akaniambia kwamba bila ule unga angekuta maiti. Nilimwomba arudie maneno hayo mbele ya mama mdogo, naye akayarudia.

Ilibaki Jumapili, na Jumapili haikuwa ya dawa. Sikuitwa, wala haikunihusu. Nilikwenda misa ya kwanza, nikarudi, nikapika, na siku nzima masikio yangu yalikuwa barabara ya nyuma ya parokia. Mwili wa paka nilikuwa nimeuponya. Mfuko ulikuwa bado kwenye msumari, na kwa hilo diploma yangu haikuwa na dawa.

Mzee hakuja Jumatatu. Hakuja juma lote. Nilijizuia kwenda kuuliza. Mama mdogo, anayejua kila kitu, safari hii alisema hajui, na nilimwamini kwa kuwa ilimuuma.

Zilipopita wiki chache, Jumamosi moja ya chanjo, duka limejaa, binti aliingia kwa mlango wa mbele na kikapu cha sokoni. Baba yake alikuja nyuma, kiatu kinang'aa. Wakapanga foleni kama watu wote.

"Mama," mama mdogo akamwita kwa heshima, "ya chanjo banapita ule mulango ya pembeni."

"Tunajua," binti akajibu. "Tunaona ni vizuri kupita hapa."

Kikapu kikatikisika. Mwanaume aliyekuwa mbele yao akageuka. "Ni nini mule?"

"Ni pushi ya mama yetu," akasema, kwa sauti ambayo ilifika mpaka kwenye rafu za nyuma. "Anakuja kuchanjwa."

Watu wakatazamana. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba, si kubwa, ndogo ya kidoleni. Binti aliiona. Akaweka kikapu juu ya kaunta yangu, chini kabisa ya diploma, akamgeukia.

"Muko na haki, mama, hata miye nilifikiri vile. Hata bajomba balikuja siku ya Mungu na kamba. Nikabauliza: huyu alikunywa kipande ya kidonge ya kichwa, ile yenye kila muntu anakunywa, akaanza kufa. Tulimubembeleza siku mbili na dawa ya kikohozi juu abakie muzima. Muniambie, mulozi gani anaangushwa na kidonge ya kichwa?"

Mwanaume yule akaanza kucheka, na foleni yote ikamfuata, hata mama wa msalaba.

"Na bajomba balijibu nini?" mama mdogo akauliza, amesimama kabisa.

"Balifikiri. Mukubwa akasema, mulozi ya vile hata panya haiwezi kumuogopa. Bakakula, bakaenda." Alifunua kikapu kidogo. Ndani, chini ya kikwembe cha ndege, ulikuwa umetandikwa ule mfuko wa unga, umekunjwa mara nne, ili kalio la paka lisiumizwe na vijiti.

Daktari alimchanja palepale juu ya kaunta, kwa kuwa hawakutaka kuhama. Nilitaka kusema jambo, na wanaonijua watashangaa kwamba sikusema. Nikauliza tu kilo, kwa ajili ya kawaida.

"Kilo ine kasoro kidogo," mzee akajibu. "Nilimupima miye mwenyewe."

Aliyefuata kwenye foleni, mama mwenye uso wa ukali niliyemfahamu tangu utoto, aliinama juu ya kaunta akaninong'oneza kwamba naye ana mutoto nyumbani anajikuna sana, manyoya yanadondoka. Akajirekebisha: nywele. Nikamwuliza ana kilo ngapi. Akatazama pembeni, akasema kama makumi mbili, na kwamba analinda uwanja vizuri. Nikamwambia amlete.

Mzee na binti walikuwa wanatoka. Kikapu kina mishikio miwili. Binti alishika mmoja, mzee akashika wa pili ingawa mzigo ulimtosha mtu mmoja, wakavuka barabara hivyo, taratibu, wakisubiri pikipiki zipite.